DADA HAKUKONYEZI, USO UNAMCHEZA!

Sindano za umeme za Kichina: mwenye taya linalouma anaweza kupona maumivu, lakini mwenye uso unaocheza asome hapa kabla hajafungua pochi

PIGA picha hii. Umeingia ofisi fulani kulipia bili. Dada wa kaunta, kapendeza ile mbaya, anapokea karatasi yako, anainua uso, mara jicho lake la kushoto linafumba. Linafumbuka. Linafumba tena, na kona ya mdomo inapanda juu kidogo kama mtu anayejizuia kucheka.

Mwanaume unatoka pale kifua mbele. Umekonyezwa! Jioni kijiweni unawapasha washikaji, na kesho yake unarudi na bili ya jirani ili mradi upate sababu ya kupanga foleni.

Pole sana, kaka. Yule dada hata sura yako haikumbuki. Uso unamcheza wenyewe, na kabla yako alishamfanyia hivyohivyo mzee mmoja aliyekuja na mkewe. Kasheshe iliyozuka pale, we acha tu!

Kwetu jicho kucheza siyo habari. Mmoja atakwambia utapata mgeni, mwingine atakwambia jiandae kulia, mwingine ataapa kwamba kuna mtu mahali anakusema. Tunacheka, tunaendelea na shughuli. Lakini likicheza mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, likateremka mpaka shavuni na mdomoni, kicheko kinakwisha. Mchumba anaanza kununa kwamba unamkonyeza kila anayepita. Bosi anakuhamisha kaunta na kukupeleka stoo. Nyumbani shangazi anakuvuta pembeni: "Mwanangu, hili si bure. Hapa kuna mkono wa mtu."

Halafu anatokea mjuaji, na mjini hawakosekani. "Shoga, acha kuhangaika. Nenda kwa Wachina, wanachoma sindano halafu wanazitia umeme. Jirani yangu taya lilikuwa linamuua, kachomwa mara sita, leo anatafuna mpaka mfupa!"

Huenda mjuaji hadanganyi kuhusu jirani yake. Matatizo ni kwamba taya la jirani na jicho la dada yetu ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa vyote vipo usoni na vyote vinapelekwa kwenye kitanda kilekile na mashine ileile.

Siyo kila kinachocheza ni kimoja

Tuanze na kile cha kawaida. Kope moja, hasa ya chini, inatetemeka kidogo, unaisikia wewe lakini mtu wa mbele yako haoni kitu. Hiyo inatokana na uchovu, kukosa usingizi, kahawa nyingi na mawazo. Inaondoka yenyewe baada ya siku au wiki chache. Lala, punguza kahawa, basi. Asikuchome mtu sindano kwa ajili hiyo.

Cha pili ndicho cha dada yetu. Huanzia kwenye jicho, upande mmoja tu, kisha miezi au miaka inavyokwenda kinashuka shavuni, mdomoni, wakati mwingine mpaka shingoni. Kinakuja kwa vipindi, na hakina adabu, maana kinaweza kuendelea hata mtu akiwa amelala. Huwapata zaidi watu wa umri wa kati na wanawake kuliko wanaume. Si wengi, wanakadiriwa kuwa kama 10 katika kila watu 100,000. Ila mji kama Dar es Salaam, wenye mamilioni ya watu, piga hesabu mwenyewe.

Chanzo chake? Siyo jini, na siyo mkono wa mtu. Mara nyingi ni mshipa wa damu ndani ya kichwa uliopinda ukaegemea neva inayoendesha misuli ya uso, pale neva hiyo inapochomoza kutoka kwenye shina la ubongo. Mshipa wa damu unadunda kila moyo unapopiga, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Ganda la neva linachunika. Fundi umeme yeyote atakwambia kinachotokea waya zikichunika: inapiga shoti. Hapa shoti inapiga usoni. Mara chache kinachobana ni uvimbe, na ndiyo maana daktari makini ataomba picha ya kichwa.

Kuna kipimo kimoja kinachofurahisha, alikieleza daktari Joseph Babinski wa Ufaransa mwaka 1905. Jaribu hapo ulipo: fumba jicho moja kwa nguvu, na papo hapo inua nyusi ya jicho hilohilo. Umeshindwa, siyo? Binadamu anayekonyeza kwa hiari yake, nyusi yake inashuka. Lakini uso unaopigwa shoti unaweza kufumba jicho huku nyusi ikipanda. Kwa hiyo dada yetu anao ushahidi kwamba hajirahisishi kwa mtu, na ushahidi wenyewe uko juu ya jicho.

Cha tatu ni taya. Weka kidole mbele ya tundu la sikio, fungua mdomo taratibu, funga. Hapo panapocheza ndipo kiungo cha taya kilipo, na ndani yake kuna kisahani cha gegedu kinachoteleza mbele na nyuma. Kisahani kikitoka kwenye njia yake unasikia "ko!" kila unapopiga mwayo. Mlio peke yake bila maumivu usikutishe, watu kibao wanao. Shida ni pale unapoamka asubuhi mashavu yameuma kama uliyebeba zege kwa meno, mdomo haufunguki vizuri, na maumivu yanapanda kichwani au yanaingia sikioni.

Hilo la sikioni limewaponza wengi. Mtu anatia dawa ya matone mwezi mzima na sikio ni zima. Mwingine anang'olewa jino lisilo na kosa lolote, kesho yake maumivu yako palepale na pengo juu yake! Wanaosumbuliwa zaidi ni vijana na watu wa makamo, akina dada wakiongoza. Kusaga meno usiku kunachangia, na hapa niwaombe radhi bibi zetu: kwa mtu mzima, kusaga meno kunahusishwa zaidi na msongo wa mawazo na usingizi mbovu kuliko minyoo. Kutafuna bablishi kutwa nzima, kung'ata kucha na kufungua soda kwa meno vinaliongezea taya mzigo. Ndiyo, wewe unayefungua soda kwa meno, nimekuona.

Naomba hapa tusimame kidogo. Uso ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande, jicho likakataa kufumba, hiyo siyo habari ya kucheza wala ya taya. Inaweza kuwa kiharusi, inaweza kuwa neva ya uso imevimba. Yote mawili yanataka hospitali siku hiyohiyo. Sindano baadaye.

Kitandani kwa mashine

Sasa hizo sindano zenyewe. Usifikirie sindano ya kwinini. Ni nyembamba sana, hazina tundu, na hazipitishi dawa yoyote. Unalala chali. Anayekutibu anasafisha ngozi kwa spiriti na kuchoma vituo vyake: kimoja mbele ya sikio chini ya mfupa wa shavu, Wachina wanakiita Xiaguan, kingine kwenye nundu la msuli linalotokeza ukibana meno, huyo ni Jiache. Halafu anakushangaza kwa kukuchoma mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, kituo kinachoitwa Hegu. Unajiuliza, kwani taya liko mkononi? Subiri, jibu linakuja.

Baada ya hapo anabana sindano mbilimbili kwa vibanio vidogo vyenye waya, na waya zinaingia kwenye kijimashine cha betri kama redio ndogo. Anazungusha kitufe pole pole. Unaanza kusikia kugongwagongwa ndani ya nyama, siyo maumivu, zaidi ni uzito na ganzi fulani. Akiweka mwendo wa chini, kugonga mara 2 kwa sekunde, unaona msuli ukirukaruka wenyewe. Akiweka mara 100 kwa sekunde, inakuwa mtetemo mmoja. Dakika 20 mpaka 30, umemaliza. Ikiuma, sema! Hakuna medali ya kuvumilia.

Watu wanadhani umeme kwenye sindano ni ubunifu wa Wachina. Kumbe daktari wa Kifaransa, Sarlandière, aliandika kuhusu kupitisha umeme kwenye sindano mwaka 1825. Wachina waliichukua kwa nguvu katika karne ya 20, na dunia ikashtuka Julai 1971 pale James Reston, mwandishi mkubwa wa gazeti la New York Times, alipougua kidole tumbo akiwa ziarani Beijing. Upasuaji alifanyiwa kwa dawa ya ganzi ya kawaida, ila tumbo lilipomsumbua baadaye alichomwa sindano kwenye kiwiko na chini ya magoti. Akapata nafuu, akaandika. Mwaka uliofuata Rais Nixon akaenda China, na Wamarekani wakaanza kuulizana: hizi sindano zina nini?

Sisi huku tulishawazoea. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964, wakitoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968, wakitoka Shandong. Kliniki binafsi za Kichina nazo zikachipuka Dar miaka ya 1990. Kwa hiyo shangazi akisema "kwa Wachina", anajua anachosema.

Jibu la zile sindano lilitafutwa na Profesa Han Jisheng wa Beijing, aliyeanza utafiti wake mwaka 1965. Alichokuta ni kwamba mwili una dawa zake za maumivu, jamii moja na morfini, na sindano zinauamsha mwili uzitoe. Mwendo wa mara 2 kwa sekunde unatoa aina moja, mwendo wa mara 100 unatoa nyingine. Na mwaka 1977 watafiti wa Marekani walichokoza meno ya watu waliojitolea kwa umeme, wakawachoma sindano palepale Hegu, mkononi. Maumivu ya jino yakapungua. Kisha wakawapa naloxone, dawa inayozima kazi ya morfini. Nafuu ikapotea!

Ndiyo hiyo siri ya mkono na taya. Dawa inatolewa na ubongo na uti wa mgongo, na kinachoshughulikiwa ni maumivu.

Lishike hilo neno: maumivu.

Taya lina bahati

Kwa mwenye taya linalouma, habari ni nzuri kiasi. Watafiti wa Sweden walilinganisha sindano na kile kiplastiki cha kuvaa kwenye meno usiku, na mwaka 1992 wakatoa matokeo ya mwaka mzima: wengi wa waliotibiwa, kwa njia hii au ile, walipata nafuu. Mwaka 1997 taasisi za taifa za afya za Marekani ziliitisha jopo, nalo likakubali kwamba sindano zinafaa kwa maumivu baada ya matibabu ya meno. Na Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2003, liliweka maumivu ya uso pamoja na ya taya kwenye kundi la kwanza, yaani la magonjwa ambayo sindano zimeonekana kufanya kazi.

Tusishangilie kupita kiasi lakini. Ripoti ile ilikosolewa kwamba ilizipokea tafiti nyingine kwa ukarimu mno. Tena watafiti wanapomchoma mtu sindano feki, ile inayogusa ngozi tu, naye mara nyingi anapata nafuu, na tofauti kati yake na aliyechomwa kweli siyo kubwa kama matangazo yanavyodai. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya ulitanguliza mazoezi ya taya, kukandwa misuli na ushauri wa kisaikolojia. Akupancha iliwekwa daraja la "unaweza kujaribu".

Mimi naona hiyo ni haki kabisa. Taya nyingi hutulia zenyewe ndani ya wiki au miezi. Pumzisha taya: uji, mtori, ndizi laini, nyama choma na miwa vingoje. Kitambaa cha moto shavuni dakika 15. Mwayo ukija, shika kidevu kwa chini usipanue kama kiboko. Midomo ikifungwa, meno yasigusane; jikague sasa hivi, utakuta umeyabana. Muone daktari wa meno ahakikishe hakuna jino bovu. Ukifanya hayo na bado taya linakukera, na hela ya sindano sita mpaka kumi unayo bila kugusa kodi ya nyumba, jaribu. Ikifika ya tano au ya sita huoni tofauti yoyote, shukuru, aga, nenda zako. Anayekwambia "ongeza ishirini" anaangalia mfuko wako.

Kinachotakiwa kukukimbiza ni mtu anayetaka kukusaga meno mazima au kukupasua kiungo siku ya kwanza. Hayo hayarudishwi.

Na dada wa kaunta je?

Ripoti ileile ya mwaka 2003 inataja pia uso unaocheza. Ila iko kundi la pili, la magonjwa yenye dalili ya nafuu ambayo ushahidi wake bado unahitaji kuongezwa. Wenye kliniki wakikata kipande cha ripoti na kukibandika ukutani, hiyo tofauti ya makundi haibandikwi.

Tumia akili yako tu. Kazi ya sindano iliyothibitishwa vizuri ni kupunguza maumivu. Dada yetu haumwi! Uso unaocheza kwa kawaida hauumi. Unaaibisha, unachosha, ukizidi unamzuia kusoma au kuendesha gari kwa sababu jicho halikai wazi. Mshipa wa damu ulioegemea neva kule ndani hausogezwi na sindano iliyoko shavuni. Tena umeme wenyewe unafanya misuli irukeruke, na msuli wa dada tayari unaruka. Wachoma sindano wengi wenye busara hukwepa kutia umeme mkali upande unaocheza; wanachoma kawaida, au wanatumia mkono na mguu. Ukiona mtu anazungusha kitufe mpaka shavu linadunda kama ngoma, inuka.

"Mbona shoga yangu alitoka pale uso umetulia?" Kweli anaweza kutulia. Hali hii hupanda na kushuka, na huzidi mtu akiwa na wasiwasi au uchovu. Ukilala nusu saa chumba kimetulia, simu imezimwa, hakuna anayekukodolea macho, uso nao unapoa. Kesho kaunta, foleni mpaka nje, linaanza upya. Dada anadhani amekosa dozi, anarudi kulipia nyingine. Hivyo ndivyo mshahara unavyoyeyuka.

Tiba zenye uzito ziko mbili. Ya kwanza ni botoksi, ndiyo, ileile ya mastaa wanaokimbia makunyanzi. Kabla haijawa ya urembo ilikuwa dawa ya macho: daktari Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeifungulia njia, na Marekani iliiruhusu Desemba 1989 kwa makengeza na kope zinazojifumba. Inachomwa kidogo kidogo kwenye misuli inayocheza, inailegeza, na uso unatulia kama miezi mitatu au minne. Kisha unarudia. Si rahisi mfukoni, na achome daktari anayejua neva za uso, siyo wa saluni, maana akikosea kope linaanguka.

Ya pili ni upasuaji. Daktari Peter Jannetta wa Marekani ndiye aliyeusimamisha kuanzia miaka ya 1960. Wanafungua tundu dogo nyuma ya sikio, wanausogeza mshipa wa damu, na kati yake na neva wanaweka kipande kidogo cha Teflon, ndugu wa ile iliyopakwa kwenye kikaango kisichogandisha mayai. Kwa mikono mizuri wagonjwa wengi sana, kama 9 kati ya 10, wanapona. Lakini ni kichwa hicho, na mmoja mmoja hupoteza usikivu wa sikio la upande huo. Si uamuzi wa kufanya ukiwa foleni ya daladala.

Pa kuanzia ni hospitali ya mkoa, ukapewe barua ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Kwa Dar njia huwa inaishia Muhimbili au MOI. Uso una tabia ya kutulia mbele ya daktari na kukuaibisha, kwa hiyo jirekodi video kwa simu siku unapocheza sana. Nyusi ionekane.

Ukiamua kwenda kwenye sindano hata hivyo, kwa taya au kwa kujaribu bahati, usione haya kuuliza. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka watoa huduma wasajiliwe na Baraza lake, kwa hiyo cheti kiwe ukutani. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako na zitupwe zikishatumika, maana homa ya ini na virusi vya ukimwi havijali kama sindano ni ya Kichina. Mjamzito aseme mapema. Ile Hegu wenyewe Wachina huikwepa kwa mjamzito. Mwenye betri ya moyo kifuani asiunganishwe na mashine hiyo kabisa. Mwenye kifafa, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aanze kwa daktari wake.

Na wewe kaka mwenye bili ya jirani: keshokutwa ukikonyezwa tena, usikimbilie kijiweni. Angalia nyusi kwanza. Ikiwa imepanda, lipa bili, sema ahsante dada, pisha foleni.